Mafunzo ya mtandaoni kwa ndugu wanaotunza watu wenye demensia

Mafunzo ya mtandaoni kwa ndugu wanaotunza watu wenye demensia ni masomo, mazoezi na ushauri vinavyotolewa kwa njia ya intaneti kwa watu wanaomtunza nyumbani mzazi, mwenzi wa ndoa au ndugu mwingine mwenye demensia. Walengwa si madaktari wala wauguzi. Ni mke, mume, binti, mkwe, mjukuu au jirani ambaye hakusomea kazi hiyo na halipwi mshahara.

Malengo yake ni mawili: kumwezesha mtunzaji kumhudumia mgonjwa kwa usalama na heshima, na kumlinda mtunzaji mwenyewe asidhoofike mwili na akili kutokana na kazi hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni iSupport, programu ya Shirika la Afya Duniani. Makala hii inaeleza pia hali ya Tanzania, na jinsi mafunzo ya namna hiyo yanavyoweza kutumika katika kata ya milimani kama Suji, Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro.

Demensia na mzigo wa utunzaji

Demensia ni jina la jumla la hali zinazoharibu ubongo hatua kwa hatua na kupunguza kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, lugha, uamuzi na uwezo wa kufanya kazi za kila siku. Ugonjwa wa Alzheimer ndio sababu kubwa zaidi, ukikadiriwa kuchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Sababu nyingine ni pamoja na magonjwa ya mishipa ya damu ya ubongo, hasa kiharusi. Demensia huwapata zaidi wazee, lakini si sehemu ya kawaida ya uzee: wazee wengi hufikia miaka 80 au 90 bila kuipata.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa na demensia duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka wagonjwa wapya hukaribia milioni 10. Hadi sasa hakuna dawa inayoiponya. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya tiba ni utunzaji wa kila siku, nao hufanyika nyumbani.

Shirika hilo linakadiria kuwa ndugu na marafiki hutumia kwa wastani saa 5 kwa siku kumtunza mtu mwenye demensia, na kuwa asilimia 70 ya saa za utunzaji hutolewa na wanawake. Kazi hiyo ni pamoja na kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumpeleka chooni, kumzuia asipotee na kukesha naye usiku. Watunzaji wengi hupata sonona, hofu, maumivu ya mgongo na upungufu wa usingizi. Baadhi huacha kazi, biashara au shule.

Mtunzaji asiyeelewa ugonjwa huweza kudhani kwamba mgonjwa anamsumbua kwa makusudi. Hapo ndipo yanapoanza magomvi, matusi, kumfungia mzee ndani na hata kumfunga kamba. Mafunzo yanalenga kuzuia hali hiyo kabla haijatokea.

Historia

Mafunzo kwa watunzaji yalianza kabla ya intaneti. Vyama vya ndugu wa wagonjwa vilijitokeza katika nchi kadhaa, na mwaka 1984 vikaunda shirikisho la kimataifa linaloitwa Alzheimer's Disease International. Vilitoa vijitabu, mikutano ya kusaidiana na simu za ushauri.

Katika nchi zenye kipato kidogo kazi muhimu ilifanywa na kundi la utafiti la 10/66. Jina hilo lilitokana na hesabu iliyofanywa na waanzilishi wake: chini ya asilimia 10 ya utafiti wote wa demensia ulihusu zaidi ya asilimia 66 ya wagonjwa, yaani wale wanaoishi katika nchi zinazoendelea. Kundi hilo lilitunga mafunzo mafupi ya nyumbani yenye vikao 5 vya nusu saa, kimoja kila wiki. Yaliandaliwa ili yaweze kufundishwa na wahudumu wa afya wa jamii wasio wataalamu wa demensia. Majaribio yaliyofanyika Urusi na Peru yalionyesha kwamba mzigo wa watunzaji ulipungua.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Tasmania nchini Australia kilifungua kozi ya bure ya mtandaoni kuhusu kuielewa demensia, iliyo wazi kwa mtu yeyote duniani. Kozi hiyo ilionyesha kwamba watu wengi wasio na elimu ya tiba wako tayari kujifunza kuhusu ugonjwa huu kupitia intaneti.

Mwaka 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa dunia wa kukabili demensia kwa miaka 2017 hadi 2025. Mpango huo una maeneo 7 ya kazi, na moja linahusu msaada kwa watunzaji. Shabaha iliyowekwa ilikuwa kwamba asilimia 75 ya nchi ziwe na mafunzo na msaada kwa watunzaji na familia ifikapo mwaka 2025.

iSupport ilitungwa katika kipindi hichohicho. Ilifanyiwa marekebisho na majaribio ya mapema nchini India, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha pia kitabu chake cha mwongozo kwa ajili ya watu wasio na intaneti ya uhakika. Ulitolewa pia mwongozo wa kuirekebisha kulingana na nchi, kwa kuwa majina ya watu, vyakula, nyumba na huduma zinazotajwa katika mifano ni lazima vifanane na maisha ya msomaji. Baadaye lilitolewa toleo fupi zaidi kwa ajili ya watunzaji wasio na muda mwingi.

Maudhui ya mafunzo

iSupport ina sehemu 5 zenye jumla ya masomo 23. Mafunzo mengine hufuata mpangilio unaokaribiana na huo.

1. Kuielewa demensia

Sehemu ya kwanza ina somo moja tu, linaloeleza ugonjwa ni nini, dalili zake na jinsi unavyoendelea. Mtunzaji hujifunza kwamba tabia nyingi zinazoudhi zinatokana na ubongo ulioharibika. Mgonjwa anayeuliza swali lilelile mara 20 hafanyi ukaidi; jibu alilopewa halikubaki katika kumbukumbu.

2. Kuwa mtunzaji

Masomo 4 ya sehemu hii yanahusu safari ya pamoja ya mgonjwa na mtunzaji, mawasiliano, kumshirikisha mgonjwa katika maamuzi, na kuwashirikisha watu wengine katika utunzaji. Kuhusu mawasiliano, ushauri wa kawaida ni huu:

* kumjia mgonjwa kutoka mbele, si kwa nyuma, na kumwita kwa jina au cheo alichozoea;
* kuzima redio au kupunguza kelele kabla ya kuanza kuzungumza;
* kutumia sentensi fupi na kuuliza jambo moja kwa wakati;
* kumpa muda wa kujibu bila kumkatiza;
* kutobishana naye juu ya jambo alilokosea, bali kuitikia hisia zake.

Mfano wa ushauri wa mwisho ni mzee anayesema anataka kwenda kwa mama yake, ilhali mama huyo alifariki miaka 40 iliyopita. Kumwambia kila siku kwamba mama yake amekufa humpa msiba upya. Kumwomba asimulie habari za mama yake humtuliza, na si uongo.

3. Kujitunza

Sehemu hii ina masomo 3: kupunguza msongo katika maisha ya kila siku, kutenga muda wa mambo yanayofurahisha, na kufikiri kwa namna tofauti. Mtunzaji hufundishwa kuyatambua mawazo yanayomwumiza, kama vile “mimi ni mtoto mbaya kwa sababu nimechoka,” na kuyapima upya. Hufundishwa pia mazoezi mafupi ya kupumua na kulegeza misuli.

Katika jamii nyingi za Kiafrika sehemu hii ndiyo ngumu zaidi kupokelewa. Kumtunza mzazi huonekana kuwa wajibu na baraka, hivyo mtu akisema amechoka huogopa kuonekana hana adabu. Mafunzo yanaeleza kwamba uchovu si ukosefu wa upendo, na kwamba mtunzaji akianguka wanaumia watu wawili.

4. Utunzaji wa kila siku

Masomo 5 yanahusu kula na kunywa, kuzuia matatizo ya kiafya yanayotokana na ulaji, kwenda chooni, usafi wa mwili, na kuifanya siku iwe ya kufurahisha. Kanuni kuu ni kumwachia mgonjwa afanye mwenyewe kile anachoweza, hata kama anachelewa. Mama aliyepika maisha yake yote anaweza kushindwa kupika peke yake, lakini akaweza kuchambua maharage au kukunja kanga.

5. Mabadiliko ya tabia

Sehemu hii ndiyo ndefu zaidi, yenye masomo 10. Inahusu kupoteza kumbukumbu, ukali, sonona na wasiwasi, kukosa usingizi, kuona au kuamini mambo yasiyokuwepo, kurudiarudia maneno au vitendo, kutembea na kupotea, na kupungua kwa uwezo wa kupima mambo. Njia inayofundishwa ni ya kutafuta chanzo: mtunzaji hujiuliza jambo lilitokea lini, wapi, nini kilitangulia na nini kilifuata. Mgonjwa anayepiga kelele kila anapoogeshwa huenda anasikia baridi, anaona aibu au ana maumivu. Chanzo kikipatikana, mara nyingi tabia hupungua bila dawa.

Namna ya kujifunza

Mtunzaji husoma kwenye simu janja au kompyuta kwa wakati anaoupata. Si lazima afuate masomo kwa mpangilio. Anayesumbuliwa na mgonjwa asiyelala usiku anaweza kuanza na somo la usingizi. Kila somo lina maelezo mafupi, kisa cha mfano, maswali ya kuchagua jibu na maelezo ya kwa nini jibu fulani linafaa au halifai. Mwishoni huwa na zoezi la kujipumzisha.

Msingi wa mafunzo haya ni mawazo ya utunzaji unaomweka mtu mbele ya ugonjwa, yaliyoenezwa na mwanasaikolojia Mwingereza Tom Kitwood katika kitabu chake cha mwaka 1997. Yeye alisisitiza kwamba mwenye demensia hubaki mtu mwenye hadhi, historia na hisia, hata pale kumbukumbu inapokuwa imekwisha.

Mbali na masomo yenyewe, msaada wa mtandaoni huweza kuwa wa namna nyingine, kama vile vikao vya video na mtaalamu, ujumbe mfupi wa kila wiki na makundi ya watunzaji ya WhatsApp.

Ushahidi wa matokeo

Utafiti kuhusu mafunzo ya mtandaoni umetoa matokeo mchanganyiko. Jaribio la iSupport nchini India, lililochapishwa mwaka 2021, halikuonyesha tofauti kubwa katika mzigo na sonona kati ya waliosoma na wasiosoma, ingawa mtazamo wa waliosoma kumhusu mgonjwa uliboreka. Washiriki wengi hawakumaliza. Sababu zake si ngeni kwa anayeuguza: muda haupo, mgonjwa anaita, na mtandao unakatika.

Kwa upande mwingine, mafunzo yenye mtu wa kumfuatilia mtunzaji yameonyesha matokeo mazuri zaidi. Mafunzo ya START yaliyofanyiwa majaribio London yalikuwa na vikao 8 vya ana kwa ana, na yalipunguza sonona na wasiwasi kwa watunzaji. Kwa hiyo wataalamu wengi hupendekeza kwamba masomo ya mtandaoni yaambatane na mtu wa kupigia simu au kikundi cha karibu, badala ya mtunzaji kuachwa peke yake na skrini.

Tanzania na Afrika Mashariki

Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako demensia imefanyiwa utafiti wa muda mrefu vijijini. Mwaka 2009 hadi 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Baada ya kusawazisha umri, walikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Matokeo hayo yalipinga dhana kwamba ugonjwa huo ni wa nchi tajiri tu.

Kutokana na kazi hiyo kilitungwa kipimo kifupi cha IDEA chenye vipengele 6, kinachoweza kutumiwa na mhudumu asiye daktari. Hakimlazimu mzee kusoma wala kuandika. Moja ya majaribio yake ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Wilayani Hai yalijaribiwa pia mazoezi ya vikundi ya kuchangamsha akili yenye vikao 14, ambamo wazee huimba, hutaja methali, huzungumzia vyakula na kukumbuka mambo ya utotoni.

Utafiti uliofanyika wilayani humo kuhusu mitazamo ya jamii ulionyesha kwamba wengi huiona hali hiyo kuwa ni uzee tu, na kwamba familia hutafuta msaada kwa waganga wa kienyeji na viongozi wa dini pia. Hakuna jina moja la ugonjwa linalojulikana na wote kwa Kiswahili. Watu husema “kusahau,” “kuchanganyikiwa” au “kurudi utotoni.” Kukosekana kwa jina huchelewesha familia kutafuta msaada.

Madhara makubwa zaidi ni tuhuma za uchawi. Tanzania imewahi kushuhudia mauaji ya wazee, hasa wanawake wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, waliotuhumiwa kuwa wachawi. Bibi anayetembea usiku, anayezungumza peke yake au anayeingia katika nyumba isiyo yake ana hatari ya kushukiwa, kumbe hizo ni dalili za kawaida za demensia. Kwa hiyo elimu kwa familia na majirani inaweza kuokoa uhai.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania ina zaidi ya watu milioni 3 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ilipitishwa mwaka 2003. Mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu hao hufika majumbani, hivyo ni kiungo kinachofaa kati ya mafunzo ya mtandaoni na familia.

Nchini Kenya shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya huendesha vikundi vya kusaidiana vya watunzaji na kutoa elimu kwa umma. Kenya ilikuwa pia mojawapo ya nchi 7 za mradi wa kimataifa wa STRiDE, uliochunguza namna nchi zenye kipato cha chini na cha kati zinavyoweza kupanga huduma za demensia.

Mfano wa Suji

Suji ni kata ya Wilaya ya Same katika milima ya Upare ya kusini. Wakazi wake wengi ni Wapare, ambao lugha yao ni Chasu, na Kanisa la Waadventista Wasabato lina historia ndefu hapo tangu wakati wa wamisionari Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo hufanyika kwenye miteremko. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Mazingira kama hayo yanaonyesha faida za mafunzo ya mtandaoni na mipaka yake.

Watunzaji na watoto walio mbali

Kama ilivyo katika milima mingi ya Tanzania, vijana wengi wa Upare huhamia Same mjini, Moshi, Arusha au Dar es Salaam kutafuta elimu na kazi. Mzee hubaki na mwenzake wa umri uleule, na mkwe au na mjukuu anayesoma. Mara nyingi mwenye simu janja na fedha za bando ni mtoto aliye mjini, lakini anayemwogesha mzee yuko nyumbani na simu ndogo ya vitufe.

Hivyo mafunzo yanaweza kugawanywa. Mtoto aliye mjini husoma somo, kisha humpigia simu aliye nyumbani na kumweleza jambo moja la kujaribu wiki hiyo. Faida nyingine ni kwamba anayetuma fedha anaanza kuelewa kazi ya anayeuguza. Migogoro mingi ya familia hutokana na watoto wa mjini kudhani kwamba mama “anasahau kidogo tu,” kwa kuwa kwenye simu huzungumza vizuri kwa dakika 5.

Lugha

Mtu mwenye demensia aliyejua lugha mbili huweza kupoteza kwanza ile aliyojifunza baadaye. Mzee wa Suji aliyezungumza Kiswahili miaka yote anaweza kurudi kwenye Chasu pekee. Mjukuu aliyelelewa mjini asiyejua Chasu atadhani babu hasemi jambo la maana. Kwa hiyo, hata kama mtunzaji anasoma kwa Kiswahili, maneno ya kumtuliza mgonjwa, nyimbo na sala ni vema viwe katika lugha ya utoto wake.

Chakula na usalama

Mifano ya mafunzo hurekebishwa kulingana na nyumba yenyewe. Makande, chakula kinachopendwa sana Upare, yana punje za mahindi na maharage ambazo mgonjwa aliye katika hatua za mwisho anaweza kushindwa kutafuna na kupaliwa nazo. Kwake yanafaa zaidi uji mzito, ndizi zilizopondwa au makande yaliyosagwa. Mgonjwa anapaswa kula akiwa ameketi wima, kwa vijiko vidogo, bila haraka.

Hatari za nyumbani pia ni za mahali: moto wa mafiga, panga na majembe, mafuta ya taa, dawa za mimea, miteremko mikali na ndiva, yaani mabwawa ya umwagiliaji ya Wapare. Anayependa kutembea hafai kufungiwa. Inafaa zaidi apate mtu wa kutembea naye kila siku saa ileile. Majirani wakielezwa mapema, kila mmoja anakuwa jicho la familia.

Mtandao na jamii

Milima huzuia mawimbi ya simu katika baadhi ya mabonde, na bando ni gharama. Suluhisho rahisi ni kupakua masomo mahali penye mtandao mzuri na kuyasoma baadaye, au kuyachapa kwenye karatasi. Masomo ya sauti humfaa asiyeona vizuri au asiyezoea kusoma.

Jamii za Upare zina desturi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja kwa faida ya wote, kama kutengeneza barabara na mifereji. Ibada za Sabato na vikundi vya kanisa navyo hukutanisha watu kila wiki. Mambo hayo yanafaa kwa utunzaji pia: majirani wawili kukaa na mgonjwa kwa saa 3 ili mtunzaji aende sokoni, alale au ahudhurie ibada. Somo la iSupport la kuwashirikisha wengine linasisitiza kuomba msaada ulio wazi. Anayesema “njoo ukae na baba Jumatano asubuhi” husaidiwa upesi kuliko anayesubiri watu wajionee.

Mipaka na tahadhari

Mafunzo ya mtandaoni hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili zinazofanana na demensia, na baadhi yake hutibika. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, apelekwe kituo cha afya haraka: huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, kiharusi au upungufu wa maji mwilini.

Intaneti ina matangazo mengi ya dawa na virutubisho vinavyodaiwa kuponya demensia. Familia huweza kuuza mbuzi au shamba kwa ajili ya kitu kisicho na faida. Mafunzo yanayoaminika hayauzi dawa.

Faragha ni jambo lingine. Katika makundi ya WhatsApp mtunzaji anaweza kuomba ushauri bila kutaja jina la mgonjwa wala kutuma picha au video zake akiwa uchi, akilia au amechanganyikiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Zaidi ya sheria, mzee aliyeheshimiwa kijijini kwake anastahili heshima hiyo hata asipoweza tena kuidai.

Mwisho, mafunzo hayawezi kuziba mapengo yote. Mtunzaji aliyesoma masomo yote 23 bado anahitaji usingizi, sabuni, nguo za kubadilishia mgonjwa, nauli ya kwenda hospitali na mtu wa kumpokea. Elimu humpunguzia hofu na makosa. Mzigo wenyewe hupungua pale ndugu, majirani na serikali wanapobeba sehemu yao.

Tazama pia

* Demensia
* Ugonjwa wa Alzheimer
* Shirika la Afya Duniani
* Suji
* Wilaya ya Same
* Wapare